Utani wa Mngoni na Mhehe ulivyogeuzwa ushahidi kwenye kesi ya ubaguzi kazini, London

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Humu jukwaani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Juzi nilikuta uzi wa kijana mmoja akiwaambia wenzake kwamba Ulaya bosi akikubagua kazini unampeleka mahakamani, unalipwa, unarudi nyumbani kujenga. Wengi mkamshangilia. Sikumjibu pale kwa sababu jibu langu ni refu. Nimeona niliweke hapa, peke yake.

Nitaandika niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika. Majina nimebadilisha na kampuni sitaitaja, kwa hiyo msihangaike kuniuliza faraghani kwa PM.

Niliingia London katikati ya miaka ya tisini. Elimu yangu ya darasani iliishia kidato cha nne, Songea. Mengine nimejisomea mwenyewe kwenye maktaba za mitaa, ambazo kwa maoni yangu ndicho kitu bora kuliko vyote nchi hii ilichonipa.

Kazi nilipata kwenye kiwanda cha kufulia, upande wa Stratford. Tulikuwa tunafua shuka, taulo na vitambaa vya meza vya mahoteli. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya pasi.

Nieleze mashine hiyo kidogo kwa sababu ina umuhimu. Ina rola kubwa za moto. Watu wawili wanasimama mbele yake, kila mmoja anashika pembe ya shuka mbichi, wanaivuta ikanyooka, wanailisha kwenye rola. Kisha nyingine. Kisha nyingine. Mwenzako akichelewa nusu sekunde, shuka inaingia imekunjika na lawama mnapata wote. Unalazimika kumjua mwenzako mpaka namna anavyopumua.

Mwenzangu alikuwa Mtanzania. Nitamwita Titus. Mimi niiteni Gama.

Titus ni Mhehe wa Iringa. Mimi ni Mngoni. Wenye umri wangu mmeshaanza kucheka. Vijana niwafafanulie.

Babu zetu walipigana vita karne ya kumi na tisa, wakauana sana. Baada ya vita ukaja utani. Mngoni na Mhehe ni watani mpaka leo. Mtani anakutukana mbele ya mkweo na hukasiriki. Anaingia kwako na kuchukua kuku. Kila mmoja anadai kwamba mwenzake ni mtumwa wake, kwamba babu yake alimteka babu wa mwenzake. Madai hayo hayajawahi kuamuliwa na hayataamuliwa.

Lakini utani una upande wa pili ambao wengi mnausahau. Ukifiwa, mtani wako ndiye anayefika mapema. Ndiye anayeshika kazi ambazo ndugu wenye uchungu hawawezi kuzishika. Anawachekesha wafiwa kwa nguvu, maana wengine wote wanaona haya. Haki ya kukutukana ameipata kwa sababu ana wajibu huo.

Basi asubuhi mimi na Titus tulikuwa tunaanza hivi.

"Mtumwa wangu umefika? Nilidhani umekamatwa na mbwa wa watu mdomoni."

Wahehe tunawatania kwamba wanakula mbwa. Naye hakuwa mtu wa kukaa kimya.

"We Gama, babu zako walimkimbia Mzulu kutoka Afrika Kusini mpaka Songea bila kugeuka nyuma. Na wewe umeunganisha mbio mpaka London. Bado unahema. Shika shuka, mateka."

Shuka zilikuwa zinakwenda, wakuu. Shifti nzima inaisha hujui imeishaje. Nikikumbuka miaka ile naweza kusema palikuwa na baridi, palikuwa na mvuke, mgongo ulikuwa unauma, lakini sikuwa na huzuni.

Pale kiwandani palikuwa na msimamizi wetu, Mwingereza, nitamwita Barry. Mwanzoni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kelele, mpenda mpira, anayetaka kila anapopita pawe na kicheko na yeye awemo.

Siku moja kantini alitukuta tumecheka mpaka Titus anafuta machozi. Barry akaweka sahani yake mezani kwetu, akauliza, "Enyi wawili, kila siku mnacheka nini?"

Titus akamweleza.

Namkumbuka vizuri alivyomweleza. Alikuwa na furaha ya mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yake. Alimweleza kuhusu vita, kuhusu utumwa wa uongo, kuhusu mbwa. Barry alicheka akagonga meza. Akaita wenzake wawili waje wasikie. Titus akarudia.

Mwisho Titus, kwa ukarimu wetu ule mnaoujua, akampa mkono akamwambia, "Basi kuanzia leo na wewe ni mtani wetu."

Sisi tunasema hivyo kwa kila mtu. Mgeni akila kwako mara mbili unamwambia wewe sasa ni wa hapa. Hatumaanishi tumgawie shamba.

Meza ya pili alikuwepo mama mmoja wa Kongo, wa Bukavu, tukimwita Mama Furaha. Barry alipoondoka alisogea.

"Papa Titus, ile mambo ya kwenu wacha kwenu. Bale bazungu banacheka, lakini habacheki na weye. Banakucheka weye."

Titus akamjibu, "Mama, kucheka ni kucheka tu."

"Haya," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Siku zilizofuata Barry akawa anapita kwenye mashine, "Asubuhi njema, watumwa!" Titus akajibu, "Asubuhi njema, mtumwa wa watumwa!" Barry hakulipenda jibu hilo. Niliona uso wake. Mtani wa kweli angelirudisha maradufu. Yeye alikunja uso, na kuanzia hapo salamu ikabaki ya upande mmoja.

Kisha mimi nikaachwa, akabaki Titus. Kwa nini yeye na si mimi, sina uhakika. Nadhani ni kwa sababu ya habari ya mbwa, ilikuwa na mengi ya kuchezea.

Walianza kumpigia mluzi kama unavyomwita mbwa. Wakawa wanabweka anapoingia kubadili nguo. Kwenye ubao wa zamu, penye jina lake, mtu alichora mfupa. Wageni walioajiriwa baadaye, ambao hawakujua hata chanzo chake, nao wakajifunza kubweka. Wao walijua tu kwamba Mwafrika yule ndiye anayebwekewa.

Titus alicheka mwanzoni. Kisha akawa anatabasamu bila kucheka. Kisha akawa haangalii.

Kuna siku alimfuata Barry, nikiwa nasikia. Alimwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Barry, rafiki yangu, leo naomba unipumzishe kidogo na mizaha."

Barry akasema, "Leo tu? Sawa, bosi."

Kesho yake ikaendelea.

Wakuu, hiyo sentensi ya Titus ishikeni. Kwetu sisi hiyo ni kauli nzito. Mtu mzima akikuambia *naomba unipumzishe* ujue amefika mwisho, unatafuta mtu wa kwenda naye kumwomba radhi. Kwa Kiingereza haina uzito wowote. Ni ombi la siku moja.

Baadaye likaja la kopo.

Tulikwenda kula mchana. Titus alikuwa anabeba chakula cha nyumbani, wali na maharage, kwenye bakuli la plastiki. Alipofungua mfuko wake akakuta bakuli halimo. Pana kopo la chakula cha mbwa, limeshafunguliwa, na kijiko kimesimikwa katikati.

Kantini nzima ilikuwa kimya, wanasubiri. Halafu mmoja akabweka na wengine wakapasuka kwa kicheko.

Titus alifunga mfuko taratibu kama alivyoufungua. Akaniambia kwa Kiswahili, "Twende kazini." Muda wa chakula ulikuwa umebaki mwingi. Tulikwenda tukasimama mbele ya mashine iliyozimwa.

Baada ya hapo aliandika malalamiko rasmi kwa uongozi. Mimi nilimsaidia kuyapanga kwa sababu nilikuwa nimesoma vitabu kadhaa vya sheria ya ubaguzi pale maktaba. Tuliamini tumeandika vizuri.

Uongozi ulichunguza, ukajibu kwa barua fupi. Kwamba kopo ni kitendo kisichofaa, lakini aliyeliweka hajulikani. Kwamba mengine yote yalikuwa mzaha wa pande zote, ulioanzishwa na mlalamikaji mwenyewe aliposimulia habari ya kula mbwa, naye alishiriki kwa hiari.

Titus alikuwa na binti, wakati ule yuko sekondari, kazaliwa hapa hapa. Kama watoto wengi wa hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza. Barua ile aliisoma mezani nyumbani kabla baba yake hajarudi. Baba alipoingia akamuuliza kama ni kweli aliwaambia wazungu kwamba sisi tunakula mbwa.

Titus alinisimulia hayo kwenye mashine, bila kuniangalia.

"Nikamwambia ndiyo, lakini ni utani. Akaniuliza utani ni nini. Nimeanza kueleza, Gama, nikajiona nasema maneno yale yale niliyomwambia Barry."

Basi hapo ndipo palipoanzia kesi. Naomba mlielewe hili, maana wengi mnadhani watu hushtaki kwa tamaa. Titus alitaka kitu kimoja. Alitaka mtu mwenye mamlaka aandike kwamba hakushiriki kwa hiari. Alitaka karatasi ya pili ya kumpa binti yake asome baada ya ile ya kwanza.

Alifungua madai kwenye Employment Tribunal, ambayo ni mahakama ya mambo ya kazi. Wanakaa watu watatu, mwenyekiti mwanasheria na wajumbe wawili. Muda wa kufungua ni miezi mitatu pungufu siku moja tangu tukio. Ukipitisha, wana ruhusa ya kukufungia mlango hata kama una haki kiasi gani. Sisi tuliwahi.

Ofisi ya ushauri ya mtaani kwao ilimpa mwanasheria kijana wa kujitolea. Mtu mwema, alisoma kila karatasi. Kampuni iliposema itatoa pesa ili kesi iishe kabla ya kusikilizwa, kijana yule alimshauri Titus azichukue. Masharti yalikuwa aache kazi, asiseme lolote kwa mtu yeyote, na kampuni haikiri kosa.

Titus akauliza, "Ile sentensi ya kwamba nilishiriki kwa hiari, wataifuta?"

"Hapana. Itabaki kwenye faili lao."

"Basi hapana."

Kwa akili ya hesabu alikosea. Kwa akili nyingine, sijui.

Kuhusu sheria yenyewe nieleze kwa ufupi. Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, sheria ya mahusiano ya rangi ilikuwa bado haijaweka kifungu kinachosimama peke yake juu ya bughudha. Ilibidi uthibitishe kwamba ulitendewa vibaya kuliko mwingine kwa sababu ya asili yako, na kwamba jambo hilo lilikuumiza. Miaka michache baadaye walirekebisha. Kesi yetu ilitangulia marekebisho.

Kwa hiyo swali lilikuwa, je, Titus aliumizwa, au alikuwa anafurahia?

Shahidi wake alikuwa mimi. Tulimwomba Mama Furaha pia. Alikuwa bado anasubiri majibu ya maombi yake ya ukimbizi.

Akasema, "Baba Gama, mimi najua kila kitu niliona. Lakini kusimama mbele ya juge, na makaratasi yangu bado? Munisamehe." Alilia. Hakuna aliyemlaumu.

Siku ya kusikilizwa nilivaa suti ya kanisani. Chumba kilikuwa cha kawaida tu, kama darasa, meza na glasi za maji. Nilikuwa nimejiandaa wiki nyingi. Nilijua vifungu na nilikuwa na mpangilio wa matukio yote kichwani. Mwanasheria wa kampuni, mama mmoja mpole sana wa sauti, hakuniuliza hata tukio moja.

Aliniuliza, "Bwana Gama, wewe humwita Bwana Titus mtumwa?"

"Ndiyo."

"Kwa lugha yenu, na neno hilo lina maana hiyo hiyo ya slave?"

"Ndiyo."

"Na humwambia anakula mbwa?"

"Ndiyo."

"Mbele ya Barry?"

"Mbele ya mtu yeyote."

"Naye hukasirika?"

"Hapana. Hucheka, kisha hunijibu vibaya zaidi."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwanasheria naye akatabasamu, akasubiri kicheko kiishe.

"Barry alijuaje maneno hayo?"

"Titus alimweleza."

"Kwa hasira?"

"Kwa furaha."

"Basi nisaidie. Maneno ni yale yale. Chumba ni kile kile. Tofauti ni nini, zaidi ya rangi ya anayesema?"

Wakuu, nililiona shimo lilipo. Nikisema tofauti ni rangi, mbaguzi ni mimi. Nikajibu kweli nilivyoijua.

"Tofauti ni kwamba Titus akifiwa, mimi nitakwenda kumzikia. Barry hatakwenda."

"Wajibu huo umeandikwa mahali?"

"Hapana."

"Asante."

Nilidhani yameisha na kwamba nimejibu vizuri. Halafu mjumbe mmoja wa baraza, mzee mwenye miwani ambaye muda wote alikuwa anasikiliza kwa heshima, akaniuliza swali lake. Naamini aliuliza kwa nia njema. Aliuliza kwa sababu alitaka kuelewa.

"Je, mtu asiye wa makabila hayo anaweza kuingia kwenye desturi hii?"

Nikasema, "Anaweza. Kwa kuoa, kwa mfano. Au akikaribishwa na wenyewe."

"Na Barry alikaribishwa?"

Nilikuwa nimeapa kwa Biblia.

"Titus alimwambia kwamba na yeye ni mtani wetu. Lakini kusema hivyo kwetu ni..."

Mwenyekiti alikuwa anaandika. Walinisubiri nimalize. Hilo niseme wazi, hakuna aliyenikatiza. Nilimaliza. Nilieleza ukarimu, nikaeleza mgeni na chakula, nikaeleza kwamba mtani wa kweli anajua kuacha bila kuambiwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia maneno yangu yanazidi kuwa mepesi. Jambo ambalo mtoto wa Songea analijua bila kufundishwa nilihitaji nusu saa ya Kiingereza kulieleza, na mwisho wake bado lilionekana kama kisingizio.

Titus alikuwa anatazama meza.

Hukumu ilikuja kwa posta baada ya majuma kadhaa. Nilikwenda kwake, tukaisoma sebuleni.

Walisema mashahidi wote wawili, yaani mimi na Titus, ni watu wakweli. Walisema kopo ni kitendo cha kuchukiza, lakini haikuthibitika aliyekifanya, wala kwamba uongozi ungeweza kukizuia. Kuhusu maneno na kubweka, walisema Barry alikuwa na sababu ya haki kuamini kwamba amekaribishwa kwenye mzaha wa kitamaduni, *kama alivyoeleza kwa uwazi Bwana Gama*. Walisema kauli ya kuomba kupumzishwa siku moja haikuwa katazo. Kwa hiyo mlalamikaji alishiriki kwa hiari.

Maneno yale yale ya ile barua. Safari hii yameandikwa na watu watatu wenye mamlaka, na jina langu limo kama msingi wake.

Titus aliisoma mara mbili. Akaikunja.

Akaniambia, "Umesema kweli, bwana Gama. Hakuna neno hata moja umeongeza."

Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuniita bwana.

Alirudi kazini. Asubuhi ya kwanza nilifanya nilichokuwa nafanya miaka yote. Nikasema, "Mtumwa wangu, shika pembe." Titus aligeuka kuangalia nyuma, aone nani amesikia.

Sikurudia tena.

Tukawa tunalisha shuka kimya. Kazi haikuharibika. Tulikuwa tumezoeana kiasi kwamba mikono ilijua yenyewe. Barry alikuwa anapita bila kusema kitu, labda ameonywa. Kubweka kuliisha. Kwa mtu wa nje mahali pale palikuwa pametulia na pana heshima kuliko wakati wowote.

Haukupita mwaka Titus akaacha. Alihamia Woolwich, akaingia kazi ya kulea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tulikuwa tunapigiana simu sikukuu. Habari za familia, habari za hali ya hewa.

Kisha mama yake akafariki, Iringa. Hakuweza kusafiri. Watanzania wa kusini mwa London wakamwekea msiba nyumbani kwake, kama tunavyofanya.

Nilipopata habari niliomba ruhusa kazini nikaondoka. Kwenye treni nilijiambia kwamba hapa sasa ndipo mahali pa utani. Kortini sikuweza kuwaeleza utani ni nini, lakini hapa sihitaji kueleza. Kila aliyemo ndani anajua Mngoni anakwenda kufanya nini kwenye msiba wa Mhehe.

Niliingia bila kubisha hodi, kama inavyotakiwa. Sebule imejaa, akina mama wamekaa chini, Titus yuko kwenye kiti kidogo karibu na dirisha. Nikasimama mlangoni nikapaza sauti.

"Nani amemruhusu mtumwa wangu kufa bila kuniaga? Mimi ndiye mwenye mali, sijaulizwa!"

Wamama wawili watatu wakaanza kutabasamu kwenye khanga zao. Mzee mmoja akasema, "Eeh, mwenyewe kafika."

Binti yake Titus alikuwa anagawa chai. Amekuwa mtu mzima sasa. Aliweka trei chini akaja mpaka nilipo, akanishika mkono kwa adabu kabisa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Uncle, please. Don't use that word in my dad's house."

Nikamtazama Titus. Ilikuwa ni juu yake sasa. Neno moja tu lingetosha. Angesema tu, "Mwache huyo mateka, amekuja kuosha vyombo," na mimi ningeingia jikoni nikaosha vyombo vyote vya nyumba ile mpaka asubuhi, na tungekuwa tumepona.

Titus alisimama, akaja, akanipa mkono.

"Asante sana kwa kuja, ndugu yangu. Karibu ukae. Familia hawajambo?"

Nikasema hawajambo. Nikakaa. Nililetewa chai, nikainywa kama mgeni mwingine yeyote.

Wakuu, hayo ndiyo yaliyotokea.

Kwa kijana wa ule uzi na wengine wenye mawazo yake, nimejifunza haya. Jambo likianza kukuudhi kazini, kataa siku hiyo hiyo kwa neno gumu. Usiseme *naomba unipumzishe*. Sema *acha, sitaki*, mbele ya mtu, kisha uandike kwa uongozi kabla ya kulala. Adabu yetu ya kuzunguka haina tafsiri. Jiunge na chama cha wafanyakazi kabla hujawa na shida. Na kabla ya kufungua kesi jiulize unatafuta nini, maana mahakama ina vitu vichache sana vya kutoa, na kile alichokitaka Titus sidhani kama wanacho.

Sisemi msishtaki. Wapo walioshinda, na sheria ya sasa ni nzuri kuliko ile. Sisemi pia kwamba ningedanganya. Ningeulizwa leo ningejibu vile vile.

Ila nina swali, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Nimesoma mengi maishani lakini hili sijaliona kwenye kitabu chochote. Wazee wa Songea na wa Iringa mliomo humu, au mlio na wazazi wa kuwauliza, utani ukishakatika kati ya watu wawili unaunganishwaje? Wagomvi hupatanishwa, lakini sisi hatujagombana. Mwenye kosa huomba radhi, lakini mtani haombi radhi kwa mtani, na nikimwomba ndio nitakuwa nimethibitisha kwamba umekwisha.

Je, kuna utaratibu? Anatumwa mtu? Anaanza nani?

Anayejua aandike hapa chini, hata kama ni mistari miwili. Titus yuko Woolwich, mzima wa afya, na namba yake ni ile ile.